Nyuma ya Ukuta wa Matete

Jumapili, 20 Oktoba 1974

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Sitaki Mama arudi hospitalini.

Leo baada ya misa tulipata mgeni, Metroni Immakulata wa hospitali mjini Bukoba. Yeye na Mama walisomea uuguzi pamoja. Alivua viatu vyake vyeupe mlangoni ili asichafue nyasi tulizotandika sakafuni jana. Nilimpelekea kahawa za kutafuna, nikajibanza nyuma ya mlango kama kawaida yangu.

"Theopista," akasema, "Januari kuna mafunzo ya wauguzi walioacha kazi. Nimekuwekea nafasi. Wodi zinajaa na watu wa kuwahudumia hawapo. Nipe jibu kabla ya Krismasi."

"Mimi? Dada, mimi dawa nilikuwa napima kwa greni. Sasa nasikia ni miligramu."

"Utajifunza."

"Na sindano ya mwisho niliichoma wakati bendera bado ni ya Mwingereza."

"Makalio hayajabadilika," Metroni akasema, na wote wawili wakacheka mpaka Mama akajifunika uso kwa kitenge.

Sijawahi kumsikia Mama akicheka vile. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mama aliacha kazi kabla ya Uhuru, mimi nikiwa mgongoni. Babu Rwegasira, baba yake Baba, alisema mke wa mwanawe hawezi kuwa anaosha wanaume wa watu. Ikaisha hivyo. Nimemaliza darasa la saba mwezi huu. Mama akienda Bukoba atapanga chumba huko huko mjini, Kibeta, na kuja Jumapili tu, nami nitabaki na mdogo wangu Anatolia, na Babu, na Shangazi Kokugonza, dada yake Baba anayekaa na Babu. Kazi siiogopi. Ninachoogopa ni kwamba Mama ndiye anayenisemea. Dukani, kanisani, kwa wageni, maneno yangu hutoka kinywani mwake. Akiondoka nitabaki bubu.


Jumanne, 22 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Mama alipika ndizi, akasahau chumvi.


Alhamisi, 24 Oktoba

Leo ilikuwa siku ya kazi kwenye shamba la ujamaa kule rweya, kwenye nyika nje ya migomba. Babu haandikwi kazini kwa sababu ya uzee, lakini alikwenda. Alisema hawezi kukaa nyumbani vijana wakiharibu ardhi. Akamnyang'anya kijana mmoja jembe ili amwonyeshe, akajipiga mguuni. Wamemrudisha wamemshika mabegani huku akiwatukana wote.

Mama aliposikia alisimama nyuma ya migomba akaniita. "Mwambie Shangazi yako apelekwe zahanati leo hii akachomwe sindano ya pepopunda. Jembe lile limetoka kwenye samadi."

Sharti nieleze kwa nini hakwenda mwenyewe. Kwetu mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso, wala hawagusani. Nyumba nyingine siku hizi wamelegeza, hapa kwetu hapana. Babu anaishi katika msonge wake katika kibanja hiki hiki, shamba letu la migomba. Akitoka hukohoa kwa nguvu ili Mama apate muda wa kujitenga. Kwa hiyo kikohozi cha Babu si ugonjwa, ni taarifa. Chakula cha Mama anakila kila siku, lakini mimi ndiye ninayekipeleka.

Nilifikisha ujumbe. Shangazi alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Mama yako amekwishakuwa daktari tena?"

Babu alisema amekatwa na majembe tangu enzi za Mjerumani na hakuna lililomuua. Zahanati hakwenda.


Jumamosi, 26 Oktoba

Babu alikubali kuoshwa kidonda, kwa sharti kwamba nioshe mimi. Ndani ya msonge kuna ukuta wa matete unaogawa sehemu ya kulala na sehemu ya moto. Mama alikaa upande wa moto akigeukia mlango. Mimi nilikuwa upande wa pili na beseni.

"Kina rangi gani?" Mama akauliza.

"Chekundu," nikasema.

"Sema kwa sauti, Joviana. Sikuoni."

"Chekundu, Mama. Pembeni kuna weupe."

"Mwambie mama yako maji ni ya moto," Babu akasema.

"Mwambie Babu yako nimesikia," Mama akajibu kutoka nyuma ya matete. "Yakiwa baridi hayasafishi."

"Mwambie kwamba mimi si ndizi za kuchemshwa."

"Mwambie ndizi hazipigi kelele namna hii."

Sikupeleka ujumbe wowote, kila mmoja alikuwa anamsikia mwenzake vizuri. Babu akakohoa, lakini nadhani alikuwa anaficha kicheko. Jasho lilinitoka mpaka mgongoni. Mikono yangu ilifanya kila ilichoambiwa, kama si yangu.


Jumanne, 29 Oktoba

Mvua. Kidonda kinanuka kidogo. Nilisema kwa sauti. Mama akasema vizuri, umesema vizuri.


Ijumaa, 1 Novemba. Watakatifu Wote

Baba amekuja. Yeye ni karani wa ushirika wa wavuvi kisiwani Goziba, na huja nyumbani boti ikiruhusu. Nguo zake zilinuka dagaa hata kanisani.

Walizungumza jikoni wakidhani nimelala na Anatolia.

"Mimi sikukatazi," Baba alisema. "Lakini unamjua Mzee."

"Namjua kwa sauti tu, Byabato. Nimeishi naye miaka yote hii, sijui hata ana macho ya namna gani."

"Basi hiyo sauti itasema nini?"

"Itasema ilichosema mara ya kwanza."

Baba akapunguza utambi wa taa. Baba ni mtu mpole. Zamani nilidhani upole ni jambo zuri wakati wote.


Jumapili, 3 Novemba

Baba amerudi Goziba. Kabla ya kuondoka alimweleza Babu habari za Metroni. Nilikuwa nafunga bandeji. Babu alitazama paa.

Kidonda kimeanza kufunga, hakina usaha wala harufu. Mama alisema sasa kitambaa kikavu kinatosha, Shangazi anaweza kumbadilishia. Nilijisikia fahari nikamsimulia Anatolia, naye akauliza kama nami nitavaa viatu vyeupe.


Jumanne, 5 Novemba

Mvua kubwa, mgomba mmoja umeanguka juu ya banda la mbuzi. Babu amerudisha chakula. Shangazi alileta sahani mpaka mlangoni petu, akaiweka chini mbele ya Mama.

"Hataki."

"Anaumwa wapi?" Mama akauliza.

"Haumwi. Kidonda kimepona. Amekasirika. Amesikia mke wa mwanawe anataka kwenda kuwashika wanaume Bukoba. Ungekuwa wewe ungekula chakula cha mtu huyo?"

"Amesema hivyo?"

"Hasemi. Amebana meno. Mtu mwenye hasira husema?"

Mama aliichukua sahani na kuitazama muda mrefu. Ndizi zilikuwa hazijaguswa.


Jumatano, 6 Novemba

Babu amekataa tena. Uji pia. Jioni Mama aliniambia, "Nitamwambia Immakulata hapana. Siwezi kumwua mzee wa watu kwa njaa."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasali kumshukuru Mungu. Ndiyo, nilishukuru. Kisha nikarudi nikamwona Mama anakuna nazi ya mafuta ya nywele za Anatolia, uso wake umezimika kama jiko, na shukrani yangu ikawa nzito.


Alhamisi, 7 Novemba

Shangazi alimpelekea Babu habari kwamba Mama haendi tena. Nilipopeleka uji jioni Babu alinitabasamia! Meno yote yalionekana. Hajawahi kunitabasamia tangu nizaliwe. Uji hakunywa, lakini nadhani kesho atakula.


Jumapili, 10 Novemba. Bukoba

Naandika nimekaa kwenye baraza la hospitali. Nitajaribu kufuata mpangilio.

Ijumaa kijiji kizima kilikwenda shamba la ujamaa, na Shangazi pia. Mama alibaki kwa sababu Anatolia alikuwa na homa, na mimi nilibaki kumsaidia. Tulikuwa tunamenya ndizi. Nilitaka kumfariji, nikasema, "Mama, angalau Babu amefurahi. Jana alinitabasamia."

"Babu yako?"

"Ndiyo. Na leo asubuhi tena."

"Anatabasamu vipi?"

"Hivi." Nikamwonyesha. Nikavuta midomo pembeni, nikatoa meno, nikainua nyusi kama zilivyokuwa za Babu.

Kisu kilimwanguka Mama. Hakuniuliza kitu kingine. Alikimbia, hakupita njia ya nyuma ya migomba, alikata katikati ya uwanja, akaingia msonge bila kubisha na bila kukohoa. Nilimfuata nikilia, "Mama, hapana, Mama, Shangazi atajua." Alipita ukuta wa matete kana kwamba haupo.

Babu alikuwa amelala chali. Shingo yake ilikuwa imepinda nyuma. Lile tabasamu lilikuwa bado usoni, na macho yake hayakuwa yanacheka hata kidogo. Yalikuwa macho ya mtu aliyezibwa ndani ya kisima. Mama alipiga magoti. Akaweka kiganja kwenye taya lake, kisha tumboni. "Gumu kama ubao," akasema. Mlango ulipigwa na upepo, na mwili wa Babu wote ukajikunja kama upinde. Mama akamshikilia mpaka ukalegea.

"Ni pepopunda," akasema. "Hakuwa na hasira, Joviana. Alikuwa hawezi kufungua kinywa."

Kisha akasema kwa Kihaya, polepole, moja kwa moja kwa Babu na si kupitia kwangu, akitumia neno letu la heshima, waitu: "Waitu, unisamehe. Ni mimi."

Babu hakuweza kugeuza uso. Alimtazama tu. Chozi lilimtoka pembeni ya jicho. Sijui lilikuwa jibu gani.

Tangu hapo Mama hakuwa Mama ninayemjua. Hakupaza sauti, ila kila neno lilikuwa amri. Funika mlango kwa blanketi. Usiburute kitu. Mpeleke Anatolia kwa mama yake Protase, jirani yetu mwenye kichanga, kisha simama barabarani, usimamishe gari lolote.

Mimi, nisimamishe gari! Nilisimama katikati ya barabara nikafumba macho. Lori lililokuwa limetoka kushusha unga wa njano Kagoma lilifunga breki mbele yangu, na dereva akanitukana. Nilifungua mdomo. "Babu yangu anakufa," nikasema. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, haikuwa ndogo.

Dereva na vijana wake wawili walimbeba Babu kwenye godoro. Mama aliwafundisha namna ya kutembea bila kumtikisa. Nyuma ya lori aliwaagiza wafunike turubai ili kuwe giza. Akakaa, akaweka kichwa cha Babu mapajani mwake, akakishika kwa mikono miwili njia nzima. Mimi nilishika miguu. Kila shimo la barabara lilimkunja, na kila mara Mama alimwambia, "Inapita, waitu, inapita."

Dereva ni mtu wa mjini, Mlutheri, hajui nani ni nani kwetu. Tulipofika akachungulia akasema, "Una bahati, mzee wangu. Binti yako anakushika vizuri."

Mama hakumsahihisha.

Hospitali walimweka Babu katika chumba chenye giza wakamchoma dawa ya kulala. Muuguzi alikuwa mmoja kwa wodi mbili, binti mdogo ambaye miguu ilikuwa imemvimba kwa kusimama. Metroni alimtazama Mama, akamtazama Babu, akaelewa. Alimletea Mama aproni. Usiku ule na siku ya Jumamosi mpaka mchana, Mama ndiye aliyemgeuza, aliyemfuta, aliyemvuta makohozi. Niliona mikono yake. Ilisitasita saa ya kwanza tu. Aliuliza dawa, akauliza tena, akamwomba yule binti amhesabie miligramu, hakuona aibu. Nilikuwa nikifikiri namjua mtu anayepika, anayelima karanga na kunisemea dukani. Huyu wa wodini sikuwa nimewahi kutajiwa hata jina lake.

Jumamosi mchana tuliwaona Shangazi na mzee Lwakatare, ndugu yake Babu, wanakuja kwenye njia ya hospitali. Mama alivua aproni. Akaniambia, "Njiani ulimshika wewe. Mimi nilikaa mbele na dereva. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Akatoka kukaa barazani, chini ya dirisha, mgongo ukutani.


Jumatatu, 11 Novemba

Jumamosi ile Shangazi aliingia chumbani akalia kwa sauti. Babu akajikunja. Mzee Lwakatare akavuta pazia ili amwone ndugu yake vizuri, mwanga ukaingia, akajikunja tena. Yule muuguzi alikuwa wodi ya pili.

Mama alisikia kutoka nje. Akaninong'oneza dirishani: "Joviana, waambie wanyamaze. Kelele inamwua. Waambie."

Watu wazima. Shangazi, na mzee wa ukoo. Niliingia. Sikuweza kupaza sauti, na nikakumbuka kwamba sitakiwi kupaza. Nikafunga pazia, nikamshika Shangazi mkono nikasema kwa sauti yangu ile ndogo, "Shangazi, lia kimya. Ukilia hivi anaumia. Tazama."

Akatazama. Kwa mara ya kwanza nilimwona Shangazi anaogopa. Akajiziba mdomo kwa khanga na kuuma. Ndipo nilipojua kwamba ukali wake wote ni wa mtu aliyebakiwa na baba tu duniani. Mumewe alikufa, mtoto hakupata, na ndugu zake wana wake zao.


Jumatano, 13 Novemba

Babu alifariki jana alasiri. Baba alifika na boti ya asubuhi, akamkuta bado anapumua. Mama alikuwa barazani. Hakuna aliyemwita.


Ijumaa, 15 Novemba

Tumemzika leo kwenye kibanja, mvua ikinyesha.

Kwetu kabla ya kushusha jeneza mtu mmoja husimama kueleza marehemu aliugua vipi na alitoka duniani vipi. Kwa kawaida ni mtoto mkubwa wa kiume. Lakini Baba hakuwapo Babu alipougua, na Shangazi alisema mbele ya wote, "Aliyekuwa naye ni Joviana. Asimame Joviana."

Walinisukuma mbele. Watu walikuwa wengi, wamesimama mpaka ndani ya migomba, majani ya ndizi vichwani kuzuia mvua. Nilitafuta uso wa Mama. Alikuwa nyuma kabisa na wanawake wa jikoni, ameinamisha kichwa.

Nilieleza. Nikasema Babu alijikata akiwafundisha vijana kazi, na mzee mmoja akaguna kwa kukubali. Nikasema kidonda kilifunga lakini ugonjwa ulikuwa umekwishaingia. Nikasema, "Nilimwona uso umebadilika. Nikaingia. Nikamshika taya. Nikaweka mkono tumboni, lilikuwa gumu kama ubao. Nikasimamisha lori. Nikaweka kichwa chake mapajani mwangu. Kila shimo nilimwambia, inapita, waitu, inapita."

Wanawake walilia. Kila niliposema "nili" nilikuwa namwondoa Mama hapo alipokuwa, kipande kwa kipande, najiweka mimi. Nilipomaliza Shangazi alinikumbatia mbele ya ukoo mzima. "Huyu ndiye mtoto," akasema. "Huyu ndiye aliyemshika baba yangu."

Mzee Lwakatare akauliza kwa upole tu, kama mtu anayehakikisha: "Na mama yako?"

"Alikaa mbele na dereva."

"Vizuri," akasema. "Mila haikuvunjwa."


Alhamisi, 21 Novemba

Senene wameanguka. Watoto walitoka alfajiri na vikapu. Sisi tuna matanga, hatukutoka.


Jumapili, 1 Desemba

Mama hali vizuri. Leo tukipalilia karanga rweya, mbali na watu, aliongea bila kuniangalia.

"Jumanne alibana meno. Jumatano akabana meno. Alhamisi akakutabasamia. Na mimi nilikuwa wapi? Nyuma ya matete, nasikiliza watu wakiniambia amekasirika. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angemwona uso tu, angejua."

"Angepona, Mama?"

"Sijui. Mzee yule, pengine hapana. Lakini ningejua ninapigana na nini. Nilikuwa napigana na hasira ambayo haikuwapo."

Akalima mstari mzima kabla ya kuongeza: "Uliponionyesha lile tabasamu, nilitaka uwe umekosea."

Nilitaka kumwambia kwamba nilishukuru siku ile aliposema hatarudi hospitalini. Sikuweza. Nilikwenda kulima karibu naye zaidi.


Jumanne, 3 Desemba

Mvua. Wageni wa matanga wamepungua.


Jumapili, 8 Desemba

Shangazi amehamia nyumbani kwetu. Anasema msonge una baridi. Jioni alikuwa akichambua maharage na Mama, akasema tu, kama anayezungumza na maharage:

"Watu wa mjini wanasema hospitali wakwe wanashikwa tu na yeyote. Mimi ningesikia mkono wa mke wa kaka yangu umemgusa baba, nisingelala naye kibanja kimoja. Angekwenda kwao siku hiyo hiyo. Watoto wangebaki, ni wa ukoo."

"Ndiyo, waitu," Mama akasema.

"Kwa bahati tulikuwa na Joviana."

"Ndiyo. Kwa bahati."

Anatolia alikuwa amelala mapajani mwa Mama. Niliona vidole vya Mama vimekaza gauni la mtoto.


Jumatatu, 9 Desemba. Siku ya Uhuru

Katibu kata alihutubia, mvua ikamkatiza. Tulirudi tumelowa.

Baba aliniita tukatembea mpaka kaburini. Alisimama akichezea kofia yake.

"Joviana. Nilikutana na dereva wa lori lile pale Muleba. Aliposikia mimi ni mtoto wa mzee, aliniambia pole. Akasema dada yangu ana moyo, alivyomshika mzee kichwa njia nzima."

Niliangalia kofia iliyokuwa mikononi mwake.

"Dada yangu alikuwa shamba la ujamaa siku ile," Baba akasema. "Sasa nakuuliza mara moja. Nani alimshika Babu yako?"

Nilitazama udongo wa kaburi. Ulikuwa umeanza kuota majani madogo. Nilijua kwamba nikisema kweli Baba hatafoka. Atakuwa mpole, na kwa upole wake atamwambia mzee Lwakatare, kwa sababu hajawahi kubeba jambo peke yake. Nikainua uso. Sijui kama nimewahi kumtazama Baba machoni kabla ya siku hii.

"Mimi," nikasema.

"Mwangalie vizuri anayekuuliza."

"Nimekuangalia, Baba. Ni mimi."

Alipumua. Akavaa kofia. "Basi jibu hilo usilibadilishe. Hata mimi nikikuuliza tena. Hata nikikuuliza nimelewa."

Tukarudi. Njiani alinishika bega. Nafikiri nilikosea kuhusu Baba, au pengine ameanza leo.


Jumapili, 15 Desemba

Baada ya misa Mama alisimama kati ya meza na mlango, kitenge cha kanisani bado mabegani.

"Nakwenda Bukoba Januari," akasema.

"Baba hajamaliza hata miezi miwili ardhini!" Shangazi akapiga paja. "Mama yangu! Watu watasema nini?"

"Watasema, waitu. Nitawasikia nikija Jumapili."

"Byabato, huyu mke wako unamsikia?"

Baba alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini. "Namsikia. Nimemsindikiza kwa moyo tangu wiki iliyopita. Nitamsindikiza na kwa miguu."

"Baba alimkataza!"

"Baba alimkataza, na alipougua tulikaa tunasubiri hasira yake iishe," Baba akasema. "Mimi sitaki tena kusubiri hivyo."

Shangazi alitoka nje. Tulimsikia analia kule kwenye msonge, peke yake. Hakuna aliyefurahi. Mama aliketi, akasema anaogopa. Anaogopa dawa mpya, anaogopa binti wadogo watakaomcheka, anaogopa kwamba kila mgonjwa atakayemkuta amebana meno atakuwa na uso wa Babu. "Lakini nikibaki," akasema, "nitamwona hapa."

Baadaye nilikwenda msonge. Nilikaa karibu na Shangazi. Hakunifukuza.


Jumapili, 22 Desemba

Metroni amepata jibu. Mvua inapungua.


Jumamosi, 4 Januari 1975

Mama ameondoka asubuhi kwa basi. Amechukua sanduku moja. Anatolia alilia mpaka akatapika. Mama hakulia mbele yetu. Alinipa kitenge chake cha jikoni na kusema, "Dukani sasa utasema mwenyewe." Nilisema nitasema.

Nyumba imekuwa kubwa vibaya. Nimepika, nimemwogesha mtoto, nimefagia. Jioni walikuja wanawake wawili kutoka Kagoma kumpa Shangazi pole waliyochelewa kuitoa. Akawakaribisha, akaniita niketi katikati yao, akaanza kuwasimulia jinsi nilivyompakata baba yake njia nzima, nikimwambia inapita, waitu, inapita. Anaisimulia vizuri kuliko nilivyoisimulia mimi. Wale wanawake walinishika mikono, wakaigeuza na kuitazama. Shangazi alikuwa na machozi, na pia alikuwa na amani. Sijawahi kumwona na amani.

Itakuwa hivi kila atakapokuja mgeni, mwaka huu na mingine. Nitaketi, nitainamisha kichwa, watadhani ni haya.

Wewe uliyefika mpaka hapa sasa unajua mikono ilikuwa ya nani. Mama yuko wodini Bukoba. Mdogo wangu amelala hapa kando yangu, na bado ana mama. Ukipita njia ya Kagoma ukakutana na mwanamke mrefu mwenye khanga nyeusi, huyo ni Shangazi Kokugonza. Atakukaribisha, atakupa kahawa za kutafuna, atakusimulia habari zangu. Nakuomba, msikilize mpaka mwisho. Mwambie pole. Usiongeze neno.